Siku Mia Nne na Kumi na Mbili za Bi Futi

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, bibi yangu alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya cherehani yake, anakunja mikono kifuani kama mtu aliyenuna, kisha anainuka bila kushika kitu. Anakaa tena. Anainuka tena. Mara kumi, na anahesabu kwa sauti mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta anajua amefika ngapi. Akimaliza ya kumi anasema, "Bado," ndipo anajimiminia chai.

Siku nilipomuuliza bado nini, aliniangalia kama nimeuliza jua linatokea wapi.

"Bado sijawa mzigo, mke mwenzangu. Muuguzi mmoja aliniambia siku magoti yakikataa hii, mtu aanze kujipanga. Nikamwambia mimi nimeshajipanga, magoti ndiyo yachelewe."

Mtaani walimwita Bi Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo ilikuwa shingoni mwake tangu anaamka hadi anapolala. Aliwahi kwenda nayo msibani, akaambiwa aivue, akasema samahani, akaivua, dakika mbili baadaye tukaiona tena shingoni. Alikuwa na miaka sitini na minane. Alishona sare za shule, mapazia, na chochote chenye pindo refu lililonyooka. Nyumba ilikuwa yake, vyumba vinne vya matofali, na chumba cha mbele kinachotazama barabara ndicho kilikuwa cha kazi: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, kabati la nyuzi, na dirisha pana ambalo alilipigania na fundi mwashi kwa wiki nzima, maana alijua macho ya mshonaji huchoka kabla ya mikono.

Tuliishi naye mimi na mama yangu, ambaye ni binti yake. Mwanawe wa kiume, mjomba wangu, alikuwa na nyumba yake mitaa mitatu kutoka kwetu, na duka la vifaa vya ujenzi. Mjomba ni mtu mwema. Nalisema hili mapema, kwa sababu huko mbele msomaji anaweza kusahau. Mimi mwenyewe nasahau.

Kumwelewa Bi Futi lazima ujue habari za mama yake. Yule bibi mkubwa alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, akalala miaka minne na miezi mitatu. Hakuna aliyekuwa amepanga chochote. Kila aliyeulizwa alisema, "Tutaona." Na kweli tukaona. Tuliuza kiwanja kwa nusu ya bei, kwa sababu dawa zilitakiwa Jumatatu na mnunuzi alijua leo ni Jumamosi. Bibi alikuwa na cherehani tatu na vijana wawili wa kumsaidia. Ikabaki cherehani moja na yeye mwenyewe. Mimi nilitolewa shule darasa la tano, kwa sababu alitakiwa mtu wa kumgeuza mgonjwa ubavu kila baada ya saa mbili, na wakubwa wote walikuwa nje wanatafuta pesa. Bibi mkubwa alipofariki, Bi Futi alilia siku tatu. Siku ya nne akaomba kalamu.

"Ugonjwa haukutumaliza," aliniambia. "Kilichotumaliza ni haraka. Kila kitu tuliuza kwa bei ya mwenye shida. Mimi sitawafanyia watoto wangu hivyo."

Basi akaanza. Kwanza akafungua akiba kwenye chama cha akiba na mikopo, akawaandikisha wanawe wote wawili pamoja naye. Wenye sahihi walikuwa watatu, na sahihi mbili zilitosha kutoa pesa. Aliweka hivyo kwa makusudi: akipooza mkono, watoto wasikwame. Na kila mwezi walipoweka chochote alirudia maneno yaleyale, sisi tukitazama dari.

"Akiba hii si ya kuniuguza. Ni ya paa la nyumba, ni ya karo ya wajukuu, ni ya siku mmoja wenu atakapokwama. Mimi nitajigharimia kwa mikono yangu. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mama."

Wangapi husema wamesikia.

Kujigharimia kwa mikono alikokusema kulianzia kwenye makao ya wazee, yaliyokuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu kwa miguu, nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikwenda kule kupeleka mapazia, akaona mashuka yao. Nilikuwa nimembebea mzigo. Aliinua shuka moja kwa vidole viwili kama anainua panya.

"Metroni," alimwambia yule mama mkuu wa makao, mwanamke mrefu aliyechomeka kalamu kwenye nywele, "hii ni shuka au ni wavu?"

"Ndizo tulizonazo, Bi Futi. Sina hela ya fundi."

"Nani kataja hela? Una vitanda."

"Vitanda ni vya wagonjwa."

"Na mimi nitakuwa mgonjwa. Kwani unadhani nitakanyaga cherehani mpaka kiama?"

Metroni alicheka. Alipoona bibi hacheki, akavuta kiti.

Walikubaliana siku ileile. Mashuka sita kushonwa pindo na kutiwa viraka, hiyo ni siku moja ya kulala pale, kula, kuogeshwa na kugeuzwa. Sare moja ya muuguzi, siku moja. Wakaandika kwenye kadi ngumu ya manjano, na nakala ikabandikwa ubao wa chumba cha kufulia, ili kila anayepokea mashuka aongeze siku mbele ya watu. Bibi akadai na masharti. Siku zake hazitaoza. Hazitageuzwa pesa. Hazitaandikwa jina la mtu mwingine, hata aje mwanawe analia.

"Na bei zikipanda?" akauliza metroni.

"Siku ni siku. Mchele ukipanda, saa za siku hazipungui."

"Bi Futi, wewe ulitakiwa uwe wakili."

"Mawakili wanavaa suruali nilizoshona mimi. Andika."

Miaka sita alishona. Wiki nyingine siku moja, wiki nyingine mbili, na wakati shule zimefungwa hata nne. Na hakuficha. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba alikuwa na siri. Mara tatu alijaribu kuwaambia wanawe. Nitaeleza ile ya tatu, kwa kuwa mbili za kwanza zilikuwa hivyohivyo.

Jumapili moja aliwaita sebuleni. Mjomba alikuja na mkate na maziwa, maana hawezi kuja mikono mitupu.

"Nataka tuzungumze nikianguka itakuwaje," bibi akasema.

Mjomba aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Mama, usijichulie."

"Sijichulii, nakuuliza. Nikianguka kesho, nani atanigeuza?"

"Huanguki."

"Umekuwa daktari lini?"

"Mama, wewe una nguvu kunishinda mimi."

"Ndiyo maana nauliza leo. Nikishalala sitauliza lolote, nitakuwa nataka maji tu. Sasa sikilizeni, mimi nimefanya mpango na—"

Hapo mama yangu akaanza kulia.

"Umeona?" Mjomba akasema. "Umemliza mwanao."

"Huyu nimemzaa mimi, namjua. Analia hata vitunguu vikikatwa nyumba ya pili. Nasema nimefanya mpango na—"

"Mama." Mjomba alisimama, akamshika mabega yote mawili kwa upendo, na ndicho kilichokuwa kinanichosha: kwamba ulikuwa upendo kweli. "Usiwe na wasiwasi. Sisi tupo."

"Hata kiwanja kilipouzwa mlikuwepo."

Lakini Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni, na Mama alikuwa ameenda kunawa uso. Bibi alibaki ameishika kadi yake ya manjano mkononi, akairudisha kwenye kopo la vifungo, akaniambia nikate mkate kabla haujakauka.

Ikakaa hivyo mpaka mama muuza mayai alipokwenda makao kumwona kaka yake. Akapitia chumba cha kufulia kuchukua shuka, akainua macho ubaoni, akasoma: BI FUTI, SIKU 412. Hakuuliza mtu. Alirudi mbio mtaani na habari kwamba Bi Futi ametupwa kwenye makao na wanawe, na ana siku mia nne na kumi na mbili hajapata mgeni.

Kufika saa sita mchana mtaa mzima ulijua. Kufika saa tisa nilikuwa nimeulizwa mara mbili hali yake ikoje kule, na mara moja kama maziko yatakuwa hapa au wapi. Na muda wote huo bibi mwenyewe alikuwa dirishani, anakanyaga cherehani, anawapungia mkono watu walewale waliokuwa wanatikisa vichwa kwa huzuni.

"Leo watu wana nini?" akaniuliza. "Wananiangalia kama nimefufuka."

Mjomba aliingia bila kubisha, shati limelowa jasho.

"Wateja dukani wananipa pole! Mtu ananunua misumari, ananipa pole!"

"Pole ya nini?"

"Ya kukutupa!"

Bibi aliacha kukanyaga cherehani, akatoa kopo la vifungo, akampa ile kadi. Akaeleza yote, toka shuka la kwanza. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alisikilizwa mpaka mwisho, lakini niliona kabisa kwamba yalikuwa yanaingia kwa mlango mwingine.

"Kwa hiyo," Mjomba akasema polepole, anaigeuzageuza kadi, "umeshona mashuka ya watu miaka sita, ili ukalale kwa watu."

"Nimeshona ili usiuze nyumba."

"Mimi niko hai, Mama. Nina duka. Halafu mama yangu akalale nyuma ya kiwanda cha matofali?"

"Bibi yako alilala hapa hapa, chumba cha pili, katikati ya familia yake. Ulikuwa unaingia kumwona mara ngapi kwa wiki?"

"Sitaki mtu yeyote aseme nilimtupa mama yangu."

"Aa. Kumbe shida ni mtu kusema."

"Mama, hili niachie mimi. Nitalimaliza."

Ningejua maana ya nitalimaliza, ningeficha kitabu cha akiba chini ya kuku.

Kila baada ya miezi mitatu bibi alisafiri siku mbili kwenda kununua vitambaa kwa bei ya jumla. Safari hii aliondoka Alhamisi alfajiri. Saa tatu asubuhi Mjomba na Mama walikuwa wametoka kwenye chama cha akiba na mikopo. Sahihi mbili, kama bibi mwenyewe alivyoagiza. Saa tano mafundi walikuwa wanavunja fremu ya mlango wa mbele.

"Mjomba," nikasema, "tumsubiri bibi."

"Ni jambo la kumshtukiza."

"Bibi hapendi kushtukizwa."

"Hili atalipenda. Sogea, utapigwa na tofali."

Mlango ulipanuliwa ili kitanda kipite. Kilikuwa kitanda cha hospitali, cha chuma cheupe, chenye mpini wa kuzungusha: ukizungusha huku kichwa kinapanda, ukizungusha kule miguu inapanda. Kikaja na godoro la kujaa upepo lenye mashine inayonguruma. Kikaja kiti cha magurudumu. Ukutani zikapigiliwa bomba za chuma za kushikia. Lile dirisha pana likajengwa matofali nusu yake, mgonjwa asipigwe na upepo. Meza ya kukatia ikawekwa uani. Na muuguzi wa kukaa nyumbani akalipwa miezi sita mbele, kwa sababu Mjomba aliambiwa ukilipa mbele unapunguziwa, naye hajawahi kuacha punguzo lipite.

Mama aliniita pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini anacheka. "Atafurahi, eti?"

"Akiba imebaki kiasi gani?"

"Wewe nawe! Mambo ya akiba hayo ni ya wakubwa."

Ilibaki ya kununua mabati matatu. Nilikuja kujua baadaye.

Bibi alirudi Ijumaa alasiri, robota la kitambaa kichwani, akakuta majirani wamejaa chumba cha mbele. Mjomba ndiye aliyewaalika, na mama muuza mayai alikuwa amepewa kiti cha mbele, maana yeye hasa ndiye aliyetakiwa kuona. Bibi alisimama mlangoni. Aliutazama mlango wenyewe kwanza, kushoto na kulia, kama anakadiria kitambaa. Kisha akakiona kitanda.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

Watu wakacheka kwa furaha. Mjomba akamtua robota, akamshika mkono. "Ni chako, Mama. Hakuna makao hapa. Utauguzwa kwako, kama malkia."

"Naumwa nini?"

"Huumwi! Ni kujiandaa. Si ulisema mwenyewe tujiandae?"

Wakamlaza. Nasema wakamlaza kwa sababu yeye hakulala. Mjomba alimshika huku, mama muuza mayai akainua miguu, mtu akazungusha mpini, kichwa cha bibi yangu kikapanda taratibu mpaka akawa anatutazama wote usoni, amebana midomo. Mjomba akapiga picha. Watu wakapiga makofi. Bibi alishika pindo la shuka, akaliangalia, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya kwanza kutoka kitandani.

"Limekwenda upande." Halafu akasema, "Cherehani yangu iko wapi?"

Mjomba akakohoa.

"Iko wapi?"

"Mama, chumba ni kidogo. Na mtu anayeuguzwa hashoni. Nimempa fundi mmoja pale sokoni, amenipa—"

"Umeiuza."

"Ilikuwa nzee."

Makofi yaliisha moja moja. Bibi alishuka kitandani peke yake, akapita katikati ya watu, akaenda uani akakaa juu ya meza yake ya kukatia mpaka wageni walipoondoka.

Jumatatu alianza kurudisha vitu. Alianza sokoni, akakuta yule fundi ameshaiuza cherehani kwa mtu wa mbali. Akaenda kwa aliyeuza kitanda. Nilikwenda naye.

"Nirudishie pesa, hata pungufu," akasema. "Hakijatumika."

Muuzaji alinyoosha kidole ukutani. Picha ya bibi, kichwa kimeinuliwa, midomo imebanwa, ilikuwa imebandikwa juu ya kaunta. Mjomba aliileta mwenyewe kwa kushukuru.

"Mama yangu, kitanda kikishalaliwa hakirudi dukani. Na wewe umelala, tunakuona."

"Nililazwa."

"Hilo mtamalizana nyumbani."

Nyumbani tulikuta muuguzi ameshafika. Binti mpole, viatu vyeupe, begi la presha. Alikuwa ameambiwa na Mjomba kwamba mgonjwa ni mbishi, asimwache afanye kazi yoyote, na kila siku aandike ripoti. Kwa wiki mbili alimpima presha asubuhi, mchana na jioni.

"Iko sawa kabisa, bibi."

"Nipime tena akija mwanangu."

Alimpima bibi siku Mjomba alipokuja. Ilipanda. Muuguzi akaandika ripoti, Mjomba akasoma, akamwambia Mama, "Unaona? Tungechelewa!"

Nilitamani kugonga kichwa ukutani, ila ukuta ulikuwa umejaa bomba.

"Bibi, usifagie," muuguzi anasema.

"Nikae nifanye nini?"

"Upumzike."

"Nimechoka na nini?"

"Bibi, naomba. Nitafukuzwa kazi. Nimeandika 'mgonjwa ametembea mwenyewe', bosi akanipigia simu kuuliza kwa nini nimemwacha atembee."

"Basi andika na hili: mgonjwa ameosha vyombo, na vya muuguzi vilikuwemo."

Alicheka yule binti, maskini. Hakuwa na kosa. Mchana alilala yeye kwenye kile kitanda, kwa sababu bibi alikataa kukikaribia na godoro lilitakiwa lisikae bila mtu, likaharibika. Bibi alilala kwenye mkeka, chumbani kwangu. Jioni hizo alikuwa anahesabu midomoni, na nilijua anahesabu nini. Bila cherehani siku hazikuongezeka hata moja. Mia nne na kumi na mbili ni mwaka mmoja na kidogo. Mama yake alilala miaka minne na miezi mitatu. Zamani pengo hilo alikuwa anaelekea kuliziba kwa miguu yake mwenyewe, na chini yake kulikuwa na akiba isiyoguswa; sasa akiba imegeuka bomba, na miguu haina cha kukanyaga. Akianguka sasa, siku zikiisha, wangeuza nyumba. Kwa bei ya Jumamosi.

Alimwita Mjomba mara moja zaidi. Aliomba anunuliwe cherehani nyingine, hata mbovu, angeitengeneza.

"Mama, watu watasema nakushonesha ukiwa mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa!"

"Presha yako inapanda, tumeona."

Nilidhani atapiga kelele. Alimtazama mwanawe jinsi anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya ambacho hakiwezi tena kuwa nguo iliyokusudiwa.

Kesho yake alikwenda chama cha akiba na mikopo, akabadili maandishi: kutoa pesa sasa ni sahihi zote tatu. Kule wakamuuliza, akipooza je? Akasema akipooza hatahitaji sahihi ya mtu. Kisha akapita makao. Sikuwepo, lakini alinieleza. Alimwuliza metroni kama ile cherehani iliyofunikwa gunia kwenye chumba cha mashuka inafanya kazi. Metroni akasema mkanda umekatika na hakuna anayejua kuiendesha. Bibi akasema mkanda ni kitu gani, atauweka yeye. Wakakubaliana: kitanda katika chumba cha wafanyakazi, chakula, na kila wiki ya kazi inamwongezea siku nne kwenye kadi.

Jumatano hiyo, baada ya chai, alifunga nguo zake katika kitambaa, mkasi mkubwa katikati usimchome mtu, akaja uani.

"Chumba cha mbele kipangisheni," alimwambia Mama. "Kimepata mlango mpana, ni duka tayari. Bomoeni yale matofali ya dirishani. Kodi iingie kwenye akiba yote, msile hata shilingi, mpaka irudi ilipokuwa."

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kazini."

Mama akaanza kulia na kupiga simu kwa wakati mmoja. Bibi alikuwa amefika barabarani Mjomba alipotokea, anahema, kalamu ya dukani bado sikioni. Muuguzi naye alitoka mbio anasukuma kiti cha magurudumu.

"Bibi, angalau nikusukume!"

"Sukuma huyu," bibi akasema, akimwonyesha mwanawe. "Presha yake iko juu."

"Mama, rudi ndani tuzungumze," Mjomba akasema. Alikuwa ameshusha sauti, maana madirisha yalikuwa yanafunguka. "Nilitaka uzuri tu. Unajua hivyo."

"Najua, mwanangu. Ningekuwa sijui ningekutukana." Alimrekebisha kola ya shati, ikakaa sawa. "Nilikuomba unisikilize, ukaninunulia kitanda."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Waambie nimepata kazi."

Akaondoka. Hakwenda haraka, wala hakugeuka. Mama muuza mayai alimsalimia, akaitikia. Alishika njia ya kiwanda cha matofali, vumbi likamficha hadi kiunoni, halafu mzima.

"Atarudi jioni," Mjomba akasema. "Namjua mama yangu."

Saa kumi na mbili Mama aliteka na kuchemsha maji ya bibi ya kuoga, akayaweka bafuni na kuyafunika. Yakapoa. Akayapasha, yakapoa tena. Kesho yake aliteka, keshokutwa pia. Siku ya nne nilimkuta amesimama na ndoo tupu, ananiangalia kama mimi ndiye nijuaye. Nikaichukua, nikaining'iniza msumarini.